Mapigo Mawili Saa ya Kimya

Aliyeanza kulalamika ni Szymaniak wa ghorofa ya chini, na angekuwa nani mwingine? Mtu huyo akisikia kijiko kimedondoka jikoni kwa mwenzake baada ya saa saba mchana, keshafungua mlango, kichwa nje, anachungulia ngazini. Kwenye nyumba yetu hapa Herne, mji wa migodi ya makaa Ujerumani, saa za kimya ni saba hadi tisa. Zimebandikwa ukutani kando ya masanduku ya barua, na Szymaniak ndiye askari wake asiye na mshahara. Basi siku moja ya Novemba kanikamata ngazini, mimi na mfuko wangu wa viazi, akaanza kuninong'oneza.

"Bi Osterkamp, kwani Bi Brinkhoff kaleta fundi kule juu?"

"Fundi wa nini? Roswitha yuko peke yake tangu Februari. Mazishini si tulikuwa wote?"

"Ndiyo maana nakuuliza. Kila siku saa nane mchana kuna mtu anagonga. Mara mbili. Ko, ko. Halafu kimya. Halafu tena, ko, ko."

"Anaponda nyama huyo."

"Kila siku? Nyama gani hiyo, na mjane mwenyewe anakula kama kuku?" Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Mimi nimekaa chini ya ardhi ujana wangu wote, mama. Mtu akigonga mara mbili najua anataka nini."

Nikamwambia aende zake akalale, saa za kimya si zake yeye mwenyewe? Lakini nilipofika juu sikuingia kwangu. Mlango wangu unatazamana na wa Roswitha, na nilisimama pale na viazi vyangu nikasikiliza. Hakukuwa na kitu, ila mlio wa pampu ya tangi lao la samaki ambao nimeuzoea miaka mingi.

Sasa Roswitha mwenyewe. Amezaliwa mtaa wa nyuma ya mgodi, mama yake akiwafulia wachimbaji, na yeye toka alipomaliza shule kawekwa jikoni kwenye kantini ya mgodi, mkononi upawa. Supu ya dengu, supu ya njegere, supu ya dengu tena. Huko ndiko alikompata Ewald Brinkhoff, kijana mrefu aliyerudi kwenye foleni mara ya pili kila siku, na haikuwa njaa. "Nikamwambia, wewe una tumbo au una pipa?" Roswitha alipenda kusimulia. "Akaniambia, nina macho." Wakaoana. Mtoto hawakujaliwa. Roswitha ni mfupi, mnene kiasi, mdomo kama wembe, na alikuwa na ndoto moja tu ya maisha: kabati la vioo sebuleni, ukuta mzima, aweke vyombo vya kaure alivyoachiwa na mama yake.

Ewald hakuwa mchimbaji wa makaa hasa. Kazi yake ilikuwa kusimama chini kabisa, pale kizimba cha kupandishia watu kinapotua, na kupiga ishara ili mwenye mashine kule juu ajue la kufanya. Pigo moja, simama. Mawili, pandisha. Matatu, shusha. Mitaa yetu hii hata mtoto wa chekechea alizijua, tulizichezea kwenye mabomba ya maji mpaka tukachapwa. Na la moja lilikuwa na heshima yake. Mawili na matatu ni ya mwenye kazi peke yake, lakini moja anaweza kulipiga yeyote, hata mfagiaji, na hakuna anayeuliza kwa nini. Unasimama kwanza. Ewald alilitumia mpaka nyumbani. Roswitha akishaanza kugomba na kugomba, Ewald anagonga meza kwa pete yake ya ndoa, ko, mara moja. Roswitha atamrushia kitambaa cha vyombo usoni, lakini atanyamaza. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na niliwaonea wivu.

Mgodi ukafungwa. Kifua cha Ewald kikawa kimeshaharibika, akawa mtu wa kukaa kwa madaktari, na huko kwenye chumba cha kusubiria mmoja wao alikuwa na tangi dogo la maji ya bahari lenye matumbawe hai. Ewald akasahau kilichompeleka. Walimwita jina mara mbili hakusikia. Haikupita hata wiki akaja nalo sanduku la kioo la lita mia na ishirini, akaliweka wapi? Palepale kwenye ukuta wa kabati.

"Uzuri gani huo," Roswitha akamwambia. "Bahari nimeiona mara moja maishani mwangu, ilikuwa baridi, na mchanga ukaniingia kwenye mkate. Sasa unaniletea sebuleni?"

Mzee wa watu akaenda bombani. Akachuja maji ya bomba mpaka yakawa hayana kitu, akakorogea chumvi ya bahari kwenye ndoo, akapima, akaongeza, akapima tena. Akatia kijoto maji yakae digrii ishirini na tano. Halafu akaja na mawe. Mawe, jamani! Yamefungwa kwenye magazeti yaliyolowa, yananuka kama gati la samaki, yametoka kwenye tangi la mwenzake mmoja wa chama chetu cha wafuga samaki wa bahari.

"Umenunua mawe?" Roswitha akapiga kelele mpaka nikatoka mlangoni kwangu. "Maisha yako yote wamekulipa utoe mawe chini, leo unatoa fedha kuyaingiza ndani? Mechthild, njoo umwone mume wangu, kichwa kimelegea!"

"Haya yana uhai," Ewald akasema. "Subiri."

Tukasubiri. Ndiyo kazi yenyewe, kusubiri. Wiki nzima nzima ni mawe tu na maji na taa, hakuna samaki, kioo kinageuka kahawia kisha kijani, na Roswitha anapita kifua mbele hataki hata kuangalia. Halafu asubuhi moja akaona uzi mwekundu unatoka kwenye tundu la jiwe, unapapasa mchanga, unarudi. Kesho yake konokono, na kidude kimoja chenye miguu mitano, kidogo kuliko punje ya mchele. Hakuna aliyeviweka, vilikuwemo ndani ya mawe muda wote vikingoja. Roswitha aliniambia hakupenda. Alisema kitu kinachokaa kimya ndani ya jiwe huku kinakuona, hicho si kitu cha kuwekwa karibu na kiti unachokalia. Lakini kiti chenyewe alikisogeza karibu zaidi na tangi, nikacheka mpaka nikakohoa.

Yakaja matumbawe. Kuna moja Ewald alilipenda kuliko yote, la rangi ya waridi iliyopauka, lenye vikono vingi vidogo vinavyofumba na kufumbua usiku na mchana. Kwa nini vinafumba hivyo, hata wataalamu bado wanabishana. Ewald alinikatia kipande, akakitia kwenye chupa ya maziwa mgando, na ndivyo nilivyoingia mimi kwenye ugonjwa huu, mwanamke peke yangu kwenye Chama cha Bahari Sebuleni, tunakutana Ijumaa chumba cha nyuma cha baa. Siku ananipa nilifungua mdomo niseme asante, akaniziba kwa mkono mzima. Kwetu chamani mtu hashukuru akipewa kipande. Ukishukuru kitakufa.

Na samaki. Wa kwanza alikuwa mdogo kama ukucha, rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeupe. Alizunguka tangi tangu siku ya kwanza akikagua kila kona, Ewald akitia mkono anamng'ata, basi akamwita Nyapara. Walikuja wengine baadaye, wakafa wakaja wengine, Nyapara yupo tu. Wakati wa kula Ewald aligonga kioo kwa pete, mapigo mawili, pandisha, na samaki wote juu.

Kifua kikammaliza Februari ile. Nilikuwepo kwenye korido ya hospitali Roswitha alipotoka, na neno la mwisho alilopewa aliniambia hapohapo, hajafuta hata macho: "Kasema Nyapara afe kwa uzee. Kanishika mkono, kasema niahidi. Nimeahidi."

Wakamzika na pete yake, kidole kilivimba haikutoka.

Chama chetu hakipeleki maua. Mwenzetu akifa, kila mmoja anatoa jiwe kwenye tangi lake mwenyewe, baada ya maziko tunakwenda nyumbani kwa marehemu, tunaliweka kwenye tangi lake. Basi siku ile, kahawa mezani na keki ya mazishini yenye chenga za siagi na sukari juu, wanaume wazima wamevaa suti nyeusi, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, wanapiga magoti mmoja mmoja na kuzamisha mawe. Sasa mtu yeyote anayefuga bahari anajua jiwe geni halitiwi moja kwa moja. Linakaa kwenye ndoo yake peke yake wiki kadhaa, maana hujui ndani kuna nani. Wote tulijua, na hakuna aliyesema. Utamwambiaje mtu anayelia kwamba jiwe lake chafu?

Roswitha akajifunza. Nilimfundisha kidogo, halafu akanipita. Alikoroga maji ya chumvi kama supu, akiangalia mchanganyiko kwa jicho kabla ya kupima, na jicho lilikuwa sahihi. Kila Jumamosi anatoa ndoo mbili za maji ya zamani, anaingiza mapya yenye joto lilelile, anasafisha mtungi unaokusanya povu chafu, anasugua kioo. Nilikuwa naenda kunywa naye kahawa mbele ya tangi saa nane mchana, saa aliyokuwa akirudi Ewald kutoka zamu ya asubuhi. Ila kiangazi kilipoisha alianza kuniambia leo amechoka, leo ana kichwa, leo kesho. Nikasema ni majonzi, niache.

Sasa siku ya pili baada ya maneno ya Szymaniak, saa nane kasoro kidogo, nikagonga mlango wake na nikaendelea kugonga, saa za kimya zitajiju. Akafungua upenyo, akaniona, akaweka kidole mdomoni, akanivuta ndani kwa mkono wa sweta.

Alikuwa amefunga mapazia yote. Mwanga uliokuwemo ni taa ya buluu ya tangi tu, na uso wake ndani ya mwanga ule ulinitia baridi, nilidhani naona mtu mwingine. Akanionyesha kiti. Nikaangalia tangi. Yule samaki mwembamba anayechimba mchanga hayupo. Wale wawili wa manjano hawapo. Mchangani yametapakaa maganda ya konokono yaliyovunjwa, meupe. Nyapara peke yake, kajibana kona ya juu nyuma ya pampu, hata hazunguki.

"Roswitha, samaki wako wapi?"

"Kaa chini. Usiongee."

Nikakaa. Vile vikono vya waridi vinafumba, vinafumbua. Halafu kutoka ndani ya lile rundo la mawe, chini kabisa kulikokuwa na giza:

Ko, ko.

Nywele zilinisimama, sifichi. Haikuwa sauti ya maji wala ya pampu. Ilikuwa sauti ya mtu anayegonga chuma akiwa mbali. Na vile vikono vyote, mamia, vilisimama kwa pamoja wakati ule, kisha vikaendelea.

"Umesikia?" Roswitha alikuwa anatabasamu, na tabasamu lenyewe silitaki kulikumbuka.

"Nimesikia."

"Anasema pandisha."

Nikashika akili yangu kwa mikono miwili. "Mwenzangu, sikiliza. Huyo ni mdudu. Jamii ya kamba, urefu kama kidole, ana mikono miwili ya mbele kama nyundo. Anapiga konokono mpaka ganda linapasuka, anapiga samaki. Kaja na mawe ya mazishi, yale ambayo hatukuyaweka kwenye ndoo. Anaweza kuvunja hata kioo! Tumtoe. Tunatoa mawe moja moja leo hii, nitakusaidia."

"Unadhani mimi mjinga? Nimeshamwona. Macho yake yako kwenye vijiti, kila moja linaangalia kwake. Najua ni mdudu." Akaniinamia. "Na nani kamfundisha mawili?"

"Wewe! Si unagonga kioo ukiwalisha? Mnyama anazoea, akisikia mawili anajua chakula, naye anajibu."

"Nagonga na nini, Mechthild? Pete kaenda nayo. Toka afe sijagonga kioo hiki hata mara moja. Siwezi, mkono hauinuki. Nawatilia chakula bila sauti kama mwizi."

Nikageukia tangi, nikaangalia lile rundo la mawe. 

"Kukitokea kifusi," Roswitha akasema polepole, "watu wakisikia mtu anagonga kule chini, wanaacha kuchimba?"

"Hawaachi."

"Wanaacha lini?"

Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Wanaacha kuchimba mlio wa kugonga ukikoma. Baba yangu alikuwa kwenye vikosi vya uokoaji, akirudi nyumbani baada ya kugonga kukoma alikuwa anakula bila kuinua kichwa.

"Basi usiniambie habari za kutoa mawe," Roswitha akasema. "Maadamu anagonga, yupo."

"Na Nyapara? Akimaliza wengine atamfuata Nyapara. Uliahidi!"

"Nyapara anajua kujificha. Nenda nyumbani, mwenzangu. Na Szymaniak mwambie akazibe masikio na nta."

Nikaenda nyumbani, na ningekuwa na nguvu ningemvuta nywele. Nilikaa kwenye kiti changu nikiangalia tangi langu, ambalo ni safi na lina samaki wake wote, na lilinitisha. Kila jiwe nililiona lina mtu ndani.

Ijumaa chamani nilikaa pembeni ya Detlef, mwenye duka la samaki, kibonge mwenye roho nzuri. Alikuwa anapaka haradali kwenye soseji yake, akaanza kunung'unika.

"Yule rafiki yako Roswitha kanigombeza leo utadhani nimemwibia. Mzigo wangu umekwama uwanja wa ndege, wiki hii sina samaki hata mmoja. Karibu alie dukani!"

"Roswitha anataka samaki?"

"Kwani hujui? Kila wiki anachukua wale wadogo wa buluu, watatu, wanne. Toka Septemba. Nikawaza, tangi la lita mia na ishirini, anawaweka wapi wote hao? Au kafungua la pili?"

Bia ilinipalia. Nilikumbuka mchanga ule mtupu, maganda, Nyapara kajibana kona. Kumbe hakuwa anapoteza samaki. Alikuwa anamlisha. Alikuwa anatia samaki hai kwenye tangi la Ewald wiki baada ya wiki, ili kitu kile kisinyamaze. Na wiki hii hakuna samaki dukani.

Kwake kulikuwa giza niliporudi. Asubuhi nikagonga, hakufungua, alisema nyuma ya mlango kwamba ana mafua. Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia. Ilipofika saa nane mchana nikachoka na heshima zangu. Funguo ya akiba ya kwake ninayo, na yangu anayo, ndivyo majirani wa ngazi moja tunavyokaa. Nikafungua nikaingia na viatu.

Mapazia yamefungwa, taa ya buluu inawaka, Roswitha amesimama mbele ya tangi kifuniko kimeondolewa, mkono umezama majini mpaka kwapani, sweta na yote. Mkononi kashika kile kiwavu kidogo. Ndani ya kiwavu Nyapara anajirusha, na Roswitha anakishusha taratibu kuelekea kwenye tundu la jiwe la chini.

"Roswitha! Huyo ni Nyapara!"

Hakugeuka. "Amenyamaza, Mechthild. Toka Jumanne hajagonga. Ana njaa."

"Toa mkono! Ni Nyapara huyo, ulimwahidi mumeo kitandani anakufa!"

"Mume wangu ndiye anayekufa sasa hivi!" Alipiga ukelele ambao sijausikia kwake hata siku ya kaburi. "Huyu ni samaki tu! Samaki! Kule chini yuko mtu na hagongi tena, unataka nikae nimwangalie samaki?"

Nilimkimbilia nimshike bega, lakini sikumfikia, na hata ningemfikia ni mwanamke aliyebeba masufuria ya kantini maisha yake yote. Kiwavu kilikuwa kwenye mdomo wa tundu. Mle ndani niliona kitu kinameta, macho mawili kwenye vijiti, kila moja linageuka kivyake, halafu yote mawili yakageukia upande wetu.

Ko.

Tukangoja la pili, wote wawili, bila kupumua. Vile vikono vya waridi vilikuwa vimesimama vyote, vimefumbuliwa, havifumbi. La pili halikuja.

Moja. Simama.

Naapa mkono wake ulisimama kabla yeye mwenyewe hajaelewa. Ni mke wa mpiga ishara yule, na pigo moja amelitii mezani kwa miaka yote ya ndoa. Vidole vikafunguka. Kiwavu kikazama, Nyapara akapita mbele ya pua yangu kama cheche, akaenda kona yake ya juu. Roswitha akabaki kainama juu ya maji, shavu limeegemea ukingo wa kioo.

"Kanikataza," akasema. "Umesikia? Kanikataza."

"Nimesikia."

Akalia. Alilia kama mtoto, kwa sauti, saa ya kimya, na mimi nikalia naye kwa sababu nilimpenda Ewald pia, na nani atanizuia kusema? Alipomaliza akauvuta mkono, akakamua sweta juu ya ndoo, chumvi ni chumvi hata kwenye majonzi, akaenda jikoni. Akarudi na upawa wake wa zamani wa kantini. Akasimama mbele ya kioo, akainua mkono. Toka Februari ulikuwa ule mkono usioinuka.

Akaupiga upawa kwenye kioo. Ko. Ko. Ko.

Matatu.

"Shuka, Ewald," akasema. "Mimi nipo hapa juu. Wewe shuka."

Vikono vikaanza tena kufumba.

Nilipotoka nje Szymaniak alikuwa amesimama katikati ya ngazi, sahani ya viazi mkononi, rangi imemtoka. Nikajua anataka kulalamika, nikajiandaa kumtukana. Akaniuliza kwa unyonge, "Lile moja, nani kalipiga?"

"Sijui, Bwana Szymaniak."

"Nilikuwa naipeleka sahani mezani. Nikasimama. Mpaka sasa sijajua niende wapi." Akaangalia mlango wa Roswitha. "Na matatu?"

"Matatu ni yeye."

Akaitikia kwa kichwa, akashuka na sahani yake, na mpaka leo hajataja saa za kimya kwa Roswitha.

Jumapili tulikuja na Detlef na wanachama wawili, tukatoa mawe yote ya mazishi, moja moja, tukayakagua kwenye ndoo kwa tochi. Kwenye lile la chini tulikuta ganda tupu, zima, urefu wa kidole, lenye nyundo zake mbili zimekunjwa kifuani. Wadudu hawa hujivua, Detlef akasema, huwa wananyamaza siku kadhaa kabla, hawali. Basi mwenyewe bado yumo. Tukatafuta mpaka jioni. Tukapasua jiwe lenyewe kwa nyundo. Mwenyewe hakuwemo. Detlef akalishika ganda lile akaligeuza mwangani, akasema limeshaota mwani, akasema hili limeachwa siku nyingi, kisha akalitua mezani. Roswitha hakuja kuliangalia. Alikuwa jikoni anatupikia supu ya dengu.

Haikugongwa tena. Nyapara yupo, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, na Roswitha anamwita kwa upawa, mapigo mawili, naye anapanda polepole. Mwaka wa kifo cha Ewald ulipotimia akanikatia kipande cha lile tumbawe la vikono, maana langu lilikuwa limeisha wakati ule ule wa Novemba, lote kwa siku moja, bila sababu niliyoipata kwenye maji. Akakitia kwenye chupa ya maziwa mgando, akanikabidhi mlangoni.

Nikafungua mdomo. Akanikata jicho.

"Thubutu," akasema.

Nikaufunga, nikakibeba kipande changu nikaingia nacho ndani.